Stesheni ya Maziwa

Katika toleo lililopita la gazeti hili nilisoma insha tatu za wanafunzi juu ya reli itakayoingia Kigali siku moja. Zilikuwa insha nzuri. Mmoja alihesabu tani za mizigo, wa pili alihesabu saa za safari kutoka bandarini, na wa tatu alikuwa amekwisha kata tiketi yake na kuketi dirishani. Nilifurahi, maana siku zetu sisi hapakuwa na mwanafunzi aliyeandika habari za reli. Tuliandika habari za mpira na kulalamikia maharagwe ya bweni. Lakini katika hao watatu hapana hata mmoja aliyeuliza swali dogo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kubwa: mtu akishashuka katika gari hilo, atatembea dakika ngapi hadi afike kwake?

Nauliza hivi kwa sababu nimepata kushuka katika stesheni ambayo swali hilo halikuulizwa.

Kazi yangu ni ya makaratasi ya forodha, nayo ndiyo iliyonipeleka Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka 2015 kufuatilia makontena ya tajiri wangu. Nilifikia kwa jamaa yangu Ubungo. Kila asubuhi nilipanda daladala hadi mjini, nikisimama kwa mguu mmoja, na mguu wa pili sijui ulikuwa wapi. Siku ya tatu mwenyeji wangu akaniambia, "Shemeji, kwa nini wateseka hivyo? Jioni panda treni ya Mwakyembe." Treni hiyo ilipewa jina la Bwana Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi ilipoanzishwa mwezi wa Oktoba mwaka 2012. Zilikuwa njia mbili: moja ilitumia reli ya TAZARA, na nyingine ilitumia Reli ya Kati, kutoka Stesheni ya mjini kupita Kamata, Buguruni, Tabata na Mabibo hata kufika Ubungo Maziwa. Zilitembea asubuhi na jioni tu, watu waendapo kazini na warudipo.

Mimi ni mtu wa Kigali, na kwetu hakuna reli. Wasomaji watanisamehe basi nikikiri ya kuwa nilifika Stesheni nusu saa kabla ya wakati, nikakata tiketi, nikazunguka kulitazama gari lenyewe kama mtoto. Twaliita gari la moshi, ijapokuwa moshi wenyewe ulikuwa ni wa dizeli na haukuwa mwingi. Watu walijaa hadi milangoni. Palikuwa na makarani, mafundi, wanafunzi wenye mabegi, na akina mama waliotoka Feri na ndoo za samaki, ambao kila mtu aliwaheshimu kwa kuwapisha kidogo. Tukaondoka. Kamata wakashuka wachache. Buguruni wakashuka wengi, tena kwa haraka, kana kwamba wamesikia ngoma. Tabata wakashuka wengi zaidi. Nikapata kiti. Baadaye nikapata benchi zima. Tulipofika Ubungo Maziwa, mwisho wa njia, katika behewa letu tulikuwa watu tisa. Niliwahesabu, maana nilishangaa. Jiji lenye watu mamilioni, saa ya watu kurudi nyumbani, na stesheni ya mwisho twashuka watu tisa katika behewa!

Nilifikiri nimekosea mahali. Ubungo niliyoijua mimi ilikuwa ni pale penye njia panda, Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Mandela. Wakati huo kituo cha mabasi ya mikoani kilikuwa bado kipo karibu na hapo, na kelele zake zilisikika toka mbali. Hapa palikuwa kimya. Pembeni mwa reli palikuwa na kuta za viwanda na malango makubwa ya chuma, na mbuzi wawili waliokuwa wakila karibu na njia bila wasiwasi, dalili ya kwamba walikwisha jifunza ratiba.

Penye kibanda cha chai palikuwa na mzee mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umepotea?" Nikamwambia sikupotea, ila sielewi kwa nini stesheni inaitwa Maziwa na sioni ng'ombe wala ziwa. Akacheka sana. Akaniambia hapa palikuwa na kiwanda cha maziwa cha serikali, na maziwa mengi yaliyotoka humo yalitengenezwa kwa unga. "Ng'ombe wake walikuwa Ulaya," akasema. "Unga ulikuja kwa meli, maji yalikuwa yetu."

Mzee huyo hakunidanganya. Kiwanda hicho kilikuwa cha shirika la umma lililoitwa Tanzania Dairies, ambalo lilikuwa na viwanda katika miji kadhaa. Sehemu kubwa ya maziwa yaliyouzwa Dar es Salaam yalikuwa ni unga na mafuta ya siagi vya msaada kutoka ng'ambo, vikachanganywa na maji na kutiwa katika pakiti. Misaada ilipopungua na mashirika ya umma yakalemewa, kiwanda kikasimama. Jina likabaki. Jirani yake palikuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na kiwanda cha zana za kilimo kilichoitwa UFI, ambacho majembe yake wakulima wengi wa Tanzania waliyashika mikononi. Ubungo ilikuwa ni mahali pa viwanda, na lile tawi la reli lilichomolewa katika njia kuu ili kuvihudumia. Halikutandikwa kwa ajili ya mama mwenye ndoo ya samaki. Lilipita nyuma ya maghala, kwa kuwa behewa la mizigo hupakuliwa nyuma ya ghala. Wala halikutafuta njia panda, kwa kuwa mzigo hauna haja ya kubadili basi.

Hapo ndipo nilipofahamu sababu ya watu tisa. Gari la abiria lilikuwa limevishwa njia ya mizigo, kama mtoto aliyevishwa koti la baba yake. Joto alilipata, na hilo si jambo dogo, lakini mikono ilimfunika vidole. Mtu wa Buguruni na Tabata nyumba yake ilikuwa karibu na reli, kwa hiyo treni ilimfaa kweli kweli. Pana hata mtaa huko Tabata uitwao Relini. Bali mtu wa Ubungo, ambaye alitaka kuendelea hadi Kimara au Mbezi, ilimpasa ashuke Maziwa, atembee kwa miguu na mizigo yake hadi barabarani, kisha aanze upya kugombania daladala ambalo lilikwisha jaa mjini. Wengi waliona ni heri wajazane kutoka mwanzo. Nami siku ya nne, nasema kweli, nilirudi kwenye daladala.

Mwezi wa Mei mwaka 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake katikati ya Barabara ya Morogoro. Hayo hayakungoja asubuhi na jioni, yalitembea mchana kutwa, na vituo vyake vilikuwa mahali penye watu. Kwa mtu wa Ubungo hapo hapakuwa na shindano tena. Hata kituo cha mabasi ya mikoani kilihamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, mwaka uleule na mwezi uleule wa Februari yalipozinduliwa madaraja ya ghorofa ya Ubungo. Basi kiwanda kilikufa, mabasi ya mikoani yakahama, barabara ikapanda juu ya barabara nyingine, na reli ikabaki palepale ilipotandikwa kwa ajili ya maziwa ya unga.

Nawasikia wengine wakisema: kama ndivyo, kosa lilikuwa kupeleka treni ya abiria huko; njia za viwanda na ziachiwe viwanda. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Reli nyingi za dunia zilianza kwa mizigo. Ile ya Stockton na Darlington huko Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1825, ilijengwa hasa kwa ajili ya makaa ya mawe, na watu wakaja kuifurahia baadaye. Waliofikiri mwaka 2012 kwamba njia iliyokwisha kuwapo ni mali, na kwamba yafaa itumiwe na watu badala ya kuota majani, walifikiri vema. Maelfu walifika kazini kwa sababu yao. Lawama yangu haiendi kwao. Yaenda kwa mawazo ya zamani zaidi, ya siku ile mtu alipochora mstari juu ya karatasi akahesabu magunia, asihesabu vichwa. Njia ya reli ikishatandikwa haihamishiki kama kibanda cha chai. Mwanzo wake ukiwa ni kiwanda, itakuwa ni mtoto wa kiwanda miaka mia.

Sasa nije kwetu.

Wanafunzi wa leo labda hawajui kwamba reli ya Rwanda ilikwisha anzwa mara moja. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1914 wakaanza kujenga tawi kutoka Tabora kuja upande wa kwetu, nao waliliita Reli ya Ruanda. Vita Kuu ikaikatiza. Waingereza walipojenga tena kutoka Tabora, waliielekeza Mwanza, ikafika mwaka 1928. Katika njia hiyo pana Isaka, nanyi wenzangu mnaofanya kazi za mizigo mwaijua vizuri: hapo ndipo shehena zetu ziliposhushwa behewani zikapakiwa katika malori ya kuja Rusumo. Kisha mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali, zaidi ya kilomita 500. Bado hatujaiona. Lakini Watanzania wamekwisha anza kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro tangu Juni 2024, na Dodoma baada ya wiki chache, kwa hiyo asiseme mtu kwamba hii ni ndoto ya Abunuwasi.

Hofu yangu ni hii. Reli hiyo ikija, kila mtu aizungumzia kwa lugha ya mizigo: mafuta, saruji, mbolea, kahawa, madini. Ni haki, maana nchi isiyo na bahari hulipa sana kwa njia. Mimi mwenyewe riziki yangu i humo. Lakini stesheni ya Kigali ikipangwa na watu wa mizigo peke yao, itawekwa penye maghala, na watoto wenu watashuka watu tisa.

Wala sihitaji kwenda mbali kuwaonyesha jinsi viwanda vinavyoondoka na kutuachia majina. Panda basi la Kicukiro kesho. Utapita Rwandex, na abiria watalitaja jina hilo bila kufikiri. Ilikuwa ni kampuni ya kahawa. Utafika Sonatube, ambayo leo ni makutano ya barabara na mahali pa kukutania, nalo lilikuwa jina la kiwanda cha mabomba. Gikondo kuna Magerwa, maghala ya forodha ambamo ujana wangu ulipotelea. Kuna na barabara ya Poids Lourds, yaani ya magari mazito. Mji mzima twauita kwa majina ya mizigo! Na viwanda vyenyewe vya Gikondo viko wapi? Viliambiwa vitoke katika kinamasi, maana kinamasi ni sifongo ya mji na mvua ilikuwa ikilipiza kisasi kila mwaka; vingi vikahamia Masoro, katika eneo maalumu la uchumi. Bandari kavu mpya ikafunguliwa Masaka mwaka 2019. Lau reli ingalifika miaka ya 1980, stesheni ingaliwekwa Gikondo bila mtu yeyote kubisha, na leo tungekuwa na Ubungo Maziwa yetu wenyewe, tukiiita Stesheni ya Kahawa.

Tena Kigali ina taabu ambayo Dar es Salaam haina. Dar es Salaam ni tambarare, isipokuwa vilima vya Pugu na sehemu chache nyingine. Sisi tu watu wa milima. Reli haipendi mlima: gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, na mhandisi hutafuta njia isiyopanda zaidi ya mita moja au mbili katika kila mita mia. Kwa hiyo reli hupita bondeni. Watu wa Kigali hukaa wapi? Juu. Pikipiki ya abiria hupanda kutoka bondeni hadi nyumbani kwangu ikilia kama ndama, nami ninaposhuka dereva huitazama injini yake kwa huruma. Basi tusijidanganye kwamba reli itatufuata milangoni. Itapita chini, nasi tutakuwa juu, na kati yetu patakuwa na ngazi, matope, na mama mwenye mzigo kichwani.

Mtaniambia bonde si kosa, na mfano mtanitajia Nyabugogo. Mna haki, nami nafurahi mmeitaja. Nyabugogo iko bondeni kabisa, karibu na mto, na hakuna mahali palipojaa watu kama pale. Kwa nini? Kwa sababu barabara za kaskazini na za kusini zote huteremka hapo, na mabasi ya mjini huzikuta hapohapo. Mtu hushuka gari moja akapanda jingine kabla jasho halijamkauka. Hapakufanywa na kiwanda. Palifanywa na njia za watu. Nataka stesheni yetu izaliwe hivyo. Na iwekwe mahali ambapo mabasi yamekwisha kukutana, au kama haiwezekani kwa sababu ya mlima, basi siku ileile inayotandikwa reli zitandikwe na ngazi za saruji zenye taa, na kituo cha mabasi kiwe ng'ambo ya ukuta, si ng'ambo ya mtaa. Mizigo na ipewe tawi lake kwenda Masaka au Masoro. Mizigo ni mivumilivu, haina miguu ya kuchoka.

Yuko rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye darasa moja hapa (naye atajijua akisoma), ambaye aliniambia kwamba haya ni mambo ya wahandisi na mawaziri, na gazeti la shule halifikiwi na wote wawili. Huenda. Lakini ninyi mlio darasani leo ndio mtakaokuwa wahandisi wakati tuta linamwagwa. Tena ardhi ya stesheni haitengwi siku treni inapofika. Hutengwa miaka mingi kabla, katika ramani ya mji, kabla watu hawajajenga juu yake. Wakishajenga, itakuwa ni fidia na machozi. Kwa hiyo hili ni swali la sasa, si la siku ya kukata utepe.

Nina ombi kwa mwalimu wa jiografia na chama chake. Nipeni wanafunzi kumi na wawili kwa Ijumaa moja tu jioni. Wanne wasimame Nyabugogo, wanne Sonatube, wanne Rwandex, tangu saa kumi na moja hadi saa moja. Wasihesabu magari. Wahesabu watu wanaoshuka, na kwa kila mtu wa ishirini wamsalimu kwa adabu wamuulize swali moja: kutoka hapa hadi kwako ni dakika ngapi kwa miguu? Wayaandike majibu katika daftari, nasi tuyachapishe katika toleo lijalo pamoja na ramani iliyochorwa kwa mkono. Sijui kama kuna mtu aliyekwisha fanya hesabu hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nitakuwa na wale wa Rwandex, maana pale napajua kila jiwe, na chai baada ya kazi itakuwa juu yangu, huko Biryogo, ambako Kiswahili chenu kitajaribiwa na watu wasiosamehe makosa.